Siku Wanamaji Walipotuezekea Darasa

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Visiga, nimeolewa papo hapo kijijini, na darasa langu lilikuwa la makuti yaliyooza. Mvua ikinyesha tulihamia chumba cha jirani tukabanana. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji alipotangaza kwamba wanamaji wetu watakuja kutuezekea mabati, wakiwa na wenzao wa manowari ya kigeni iliyotia nanga Dar, nilishangilia kuliko wanafunzi.

Walikuja kwa malori. Wageni walileta na bendi, na wenye ala wakabaki chini wengine wakipanda kufanya kazi. Lakini huko juu walijitenga: wetu upande huu wa paa, wageni upande ule, hakuna aliyemsemesha mwenzake.

Nilikuwa nimewafundisha watoto wimbo wa kuwakaribisha. Walipoanza tu, bendi ikadakia kwa mwendo wa gwaride. Watoto wakayakimbiza maneno mpaka wakaishiwa pumzi. Wengine wakanyamaza, wengine wakaangua kicheko. Uso ulinishuka.

Mama mkwe wangu, mpigaji ngoma aliyejulikana mpaka Mlandizi, aliondoka jikoni kwa wenzake, akachukua ngoma yake, akaketi chini mbele ya bendi. Akamwita mwanamaji wetu mmoja aliyejua lugha ya wageni.

"Mwanangu, mwambie huyo mwenye tarumbeta apulize taratibu. Watoto hawa hawafukuzwi na simba."

"Sawa, mama."

Mpiga tarumbeta, bonge la mtu, alipotafsiriwa alicheka, akainamisha kichwa. Ngoma ikatangulia, tarumbeta ikaifuata polepole. Watoto wakaimba vizuri, nami nikapumua. Juu ya paa nyundo zikaanza kugonga kwa mapigo yaleyale. Mwanamaji wetu akamrushia mgeni misumari, mgeni akamshikia bati, na muda si muda hukujua tena upande upi ni wa nani. Alasiri darasa lilikuwa limeezekwa.

Tulipokwisha kula wali, mpiga tarumbeta akaomba kwa ishara ajaribu ngoma.

"Haipigwi kwa kusimama," mama mkwe akasema. "Akae chini kama mimi."

Jamaa akaitazama sare yake nyeupe pe, akalitazama vumbi letu, kisha akamtazama mkubwa wake. Mkubwa akageukia paa, akijifanya anakagua misumari. Basi jamaa akaketi. Alipiga vibaya sana, nasi wanawake tukamchezea hivyohivyo, mimi mwalimu nikiwa mbele.