Ndege ya Mgeni wa Bibi

Ndege ya kwanza niliyomchongea, Bibi aliirudisha kabla sijavua viatu. Aliishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya, akaigeuza tumbo juu, akanipa.

"Nzuri," alisema. "Lakini si yake. Mtu ukimpelekea viatu vya mwenziwe, atavaa?"

Nilicheka, kwa sababu mimi hucheka hata pasipo na haja, halafu nikaona yeye hacheki, nikavua viatu.

Bibi huyu ni dada mkubwa wa bibi aliyemzaa mama yangu, na mimi ni somo yake: jina lake ndilo nililopewa nilipozaliwa. Kwa utani huniita mke mwenzangu. Yeye alikaa kijiji kimoja njia ya Namoto. Mimi nakaa mjini Palma, nachajisha simu za watu kibandani, na wateja wakipungua natengeneza ndege. Eskola sikusoma sana, lakini ndege nazijua. Nachonga mti wa msufi maana ni mwepesi, nalainisha kwa majani ya msasa, magurudumu nakata kwenye ndala zilizokufa, vioo natoa kwenye chupa za maji. Nimetengeneza zile zinazoleta watu wa kampuni za gesi, nimetengeneza helikopta. Nilidhani hakuna ndege itakayonishinda.

Hii ilinishinda kwa sababu mwenyewe amekufa na bado anaitaka.

Wakati wa vita vya Mreno, Bibi akiwa msichana, ndege ya kivita ilianguka kwenye mikoko chini ya shamba la mpunga la mama yake. Wanaume walikuwa msituni. Mama na binti ndio waliomkuta rubani, amekaa kitini, amefungwa mikanda, macho wazi. Mzungu kijana. Hawakujua jina lake wala dini yake, hawakujua wamlaze ameelekea wapi. Wakamkosha wao wenyewe, maana hakukuwa na mwanamume wa kumkosha, wakamvika sanda ya parashuti lake ambalo halikufunguka, wakamzika palepale ukingoni. Hakuna aliyemsomea. "Tumsomee kwa lugha gani?" mama mtu alisema, wakaenda zao.

Tangu hapo akawa mgeni wao. Mama alipokufa, mgeni akahamia kwa binti. Mwanzo alisimama mbali, mwisho wa shamba, saa sita mchana jua likiwa utosini, ameinua uso juu. Hasemi, hadhuru mtu. Ila miaka ikienda, anasogea. Bibi aliniambia sasa amefika mlangoni. Anakaa naye kwenye mkeka, upande wa kulia, na akiondoka mkeka una baridi.

"Na mimi nimechoka, mke mwenzangu. Nikifa atakwenda kwa nani? Atakwenda kwa somo yangu."

Alisema hivyo akichambua mchele, bila kuniangalia.

Huku kwetu helikopta ikipita, sote tunainua vichwa, tumeshazoea kuogopa. Bibi hakuinua. Aliinua siku ambazo hakuna kitu angani.

Kwetu pepo akimkaa mtu, huundiwa chombo kidogo mfano wa mashua kikawekwa mayai na ubani, kikasukumwa maji yanapokupwa, naye akaenda zake. Bibi alishaunda vyombo viwili. Vyote vilipotelea baharini na mgeni akarudi. Ndipo akafikiri mwenyewe: huyu hakuja kwa chombo, alikuja kwa ndege. Apewe ndege, na iwe yake hasa, asiitilie shaka.

Basi nikaenda kwa fundi simu wa kibanda cha jirani, ambaye megasi za intaneti hazimwishi.

"Dada, wenzio humu wanatafuta wachumba," alisema. "Wewe unatafuta maiti."

"Wachumba wapo tele. Fungua."

"Na mimi nimo?"

"Wewe fungua picha, kaka."

Tukafungua. Kumbe ndege zile za vita vya Mreno ni mapacha wengi: umbo moja, lakini kila moja ina namba yake mkiani, viraka vyake, rangi iliyobabuka kivyake. Ile yangu ya kwanza niliichonga pua kali na kuipaka rangi ya fedha kwa sababu ilipendeza machoni. Niliona haya. Nikajaza picha kwenye simu, nikapanda mota, pikipiki ya abiria, hadi kwa Bibi.

Kusoma hajui, ila samaki anawajua. "Pua yake haikuwa ya chuchunge," alisema. "Mdomo wazi, kama chewa anayetaka kumeza." Nikampitishia picha. Siyo. Siyo. Hiyo nayo siyo. Halafu akajifunika uso kwa kanga, na hakujifunua mpaka nilipozima simu.

"Na rangi, Bibi?"

"Majani ya mkoko yaliyoanguka jana." Akafikiri. "Ya juzi hapana. Ya jana."

Ilibaki namba. Mabati ya ndege watu walishayayeyusha zamani, wakafanya masufuria na miiko. Kipande kimoja tu cha mkia kilisalia, mfuniko wa kisima kwenye kitongoji cha mbele, na kitongoji chenyewe kimehamwa tangu fujo hizi za sasa. Fundi alinipeleka kwa mota yake, mzaha ukimwisha kila tulipopita nyumba isiyo na paa.

Tulifika adhuhuri. Mchanga ulikuwa unaunguza hadi ndani ya ndala. Nikaweka kiganja juu ya bati, nikakitoa. Lilikuwa baridi, kama kitu kilichotolewa majini sasa hivi. Fundi naye akaweka mkono, akanitazama, akaufuta kwenye suruali.

"Tufanye haraka, dada."

Nikasugua kwa mchanga na maji. Ikatokea rangi, kweli ya majani ya jana. Zikatokea namba tatu. Ya nne chumvi imeila. Na chini ya namba kikatokea kitu ambacho hatukukiona kwenye picha yoyote: kiganja cha mtoto. Mtu alimshika mtoto wake, akamchovya mkono kwenye kopo la tinta nyeupe, akaubandika kwenye ndege. Vidole vinene vya mtoto aliyeshiba. Kidole gumba kiliteleza kidogo, kama vile alikuwa anacheka.

Kule chini ya bati, ndani ya kisima, kulikuwa na mvumo. Fundi anasema nyuki, na sikubishana naye. Lakini mvumo ule ulianzia mbali, ukaja, ukapita chini yetu, ukaenda.

Nililia njia nzima mgongoni kwa fundi. Hakunitania.

Ndege ya pili niliichonga taratibu. Mdomo nikaupa uchewa wake. Tinta ya kijani nikaichanganya na masizi, nikalinganisha na jani la mkoko, na kila kukicha nikaokota jingine, maana la jana hugeuka la juzi. Kile kiganja nilikichora kwa unywele mmoja wa brashi, huku nimebana pumzi. Kitini nikaweka mikanda ya uzi. Namba ya nne nikamuuliza Bibi.

"Usibahatishe. Iache wazi, mwenyewe anaijua."

Mwisho nikafunika kioo cha rubani, nikakigandisha kwa kola, kwa sababu kwenye picha zote kimefungwa.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili, tena akajifunika kanga. Nikajua nimepata.

Tuliipeleka siku ambayo maji yanakupwa mchana, tukaitia yai, ubani na kipande cha mkate wa kumimina. Niliingia hadi magotini, nikaiachia. Ikaenda kidogo, ikageuka, ikarudi, ikanigonga goti. Nikaisukuma. Maji yote yalikuwa yanatoka, povu linatoka, vijiti vinatoka. Yenyewe ikarudi tena. Safari hii pua yake ikatulia kwenye mguu wangu kama mbwa aliyechoka.

"Umemwachia mlango?" Bibi aliita kutoka ufukweni.

Nikatazama kile kioo. Nilikifunga kwa mikono yangu, kwa kola nzuri ya Palma, nikijisifu. Kila kitu nilikifanya kama picha zinavyotaka, na mwenye ndege nimemwacha nje.

Nikaingiza ukucha, nikakibandua hadi kikavunjika. Kiti kikawa wazi na mikanda yake midogo. Nikaishikilia ndege kwa viganja, sikuisukuma. Hakukuwa na wimbi. Mkia ukazama kidogo, polepole, kama mtumbwi mtu anapoingia. Wallahi niliusikia uzito ule mikononi. Haukuwa mkubwa. Nikaachia.

Haikurudi. Upepo ulikuwa unakuja kwetu, nayo ikaenda kuukabili.

"Geuka," Bibi alisema. "Anayeondoka hatazamwi mgongoni."

Nikageuka, ingawa roho yangu ilitaka kumpungia mkono. Siku ile Bibi alikula ugali kwa kamba, akaomba tena, akalala hadi jioni mlango ukiwa wazi.

Aliishi mpaka mvua zikapita, kisha akafa usingizini. Matanga yalipokwisha wakanipa kanga zake, kwa kuwa mimi ndiye somo, na watu wakatawanyika. Adhuhuri nikakaa peke yangu mlangoni pake, juu ya mkeka wake, kungoja kama mgeni atakuja. Jua likafika utosini, likapita. Kivuli cha ukuta kikaanza kunyoosha mguu. Hakuja mtu, kuku tu walikuja. Nilipoinuka kwenda kuchota maji ndipo nikaona kwamba muda wote ule nilikuwa nimekaa ukingoni kabisa mwa mkeka. Upande wa kulia niliuacha wazi, na nilikuwa nimeupangusa mchanga.