Nilificha Karatasi ya Plafond, Bakaniita Mulozi

Krrrrr! Krrrrr-rrr! Kisha kimya. Kisha fundi anapiga chafya juu ya ngazi.

Ile sauti ya mashini ya kutoboa, mpaka leo ninaisikia. Nikisonga bukari, ninaisikia. Nikiwa kanisani na kwaya inaimba, ninaisikia, tena inaimba pamoja nabo!

Rafiki unayesoma, kosa ni langu. Si la fundi, si la shetani, si la marehemu muyomba wangu. Ni langu mimi, na nililifanya nikiwa ninacheka.

Muyomba wangu alitumika mu mine ya madini maisha yake yote, na wakati wa kufa akaniachia parsele yake, kiwanja chenye nyumba, hapa mutaa wa Hewa Bora. Nyumba ya zamani, nguvu, milango mitatu. Mimi niko ku chumba cha mbele. Mulango wa pili ni wa Mama Bijou, muuzaji wa sombe, majani ya muhogo, mama wa mudomo moto. Mulango wa tatu ni wa Yaya Chantal, ninayemuita yaya kama dada mukubwa, na wakati ule alikuwa na mimba ya miezi saba. Bote bawili balocataire bangu, bapangaji. Mimi, miaka makumi mbili na tatu, masomo niliacha mu katikati ya sekondari, lakini jina kwenye bikaratasi bya nyumba ni langu! Nilikuwa ninatembea mu avenue kama muke wa gavana.

Na nilikuwa na ndoto. Chumba changu cha mbele kitakuwa salle, ukumbi wa sikukuu ya batoto: anniversaire ya kuzaliwa, ubatizo, komunyo. Jina nilikuwa nimekwisha kulipata: Palais ya Furaha. Biti sikuwa nabyo. Meza sikuwa nayo. Lakini lustre nilikuwa nayo! Ile taa kubwa ya kuning'inia, yenye matone ya kioo. Bengine banaanza na biti. Mimi nilianza na taa, kwa sababu mimi niko muntu wa kuangalia juu.

Na shida ilikuwa hapo hapo juu.

Mwezi moja mbele, ingénieur moja, muhandisi, alitoka chuo kikuu cha Kasapa na banafunzi bake, akapita mu avenue yetu kuangalia nyumba za zamani. Akainua macho ku plafond, dari ya chumba changu, akatoka inje akaangalia na toiture, paa ya juu, kisha akaniambia polepole, kama muntu anayebeba habari ya msiba:

"Mademoiselle, humu muna amiante, ile banaita asbesto."

"Inauma?"

"Ikikaa kimya, inakaa kimya. Lakini ukiitoboa, ukiivunja, ukiikwangua, inatoa mavumbi madogo kupita macho. Yanaingia mu mapafu, yanakaa mule miaka na miaka. Siku ugonjwa unatokea, wewe umesahau kabisa kama ulitoboa."

Akanipa karatasi yenye ramani ya nyumba yangu, pahali pa amiante amepaka langi nyekundu. Karibu karatasi yote ilikuwa nyekundu! Akasema: "Mwenye nyumba njo anajibu. Ujue iko wapi. Uambie bantu benye kukaa humu. Fundi yeyote, mbele hajagusa kitu, umuonyeshe hii. Uwe unaangalia kama inapasuka. Ikiharibika, usiitengeneze mwenyewe, uniite. Na siku ya kujibu, hakuna mwenye atakubali kama ulisahau."

Nikasaini. Signature yangu ni muzuri sana, nimeifanyia mazoezi tangu utoto, nikingoja kuwa muntu mukubwa. Ingénieur akaenda zake. Na mimi, mwenye signature muzuri, nikaikunja karatasi mara ine nikaificha nyuma ya picha ya muyomba ukutani.

Kwa nini? Aaa, usiniulize! Nilijiambia Yaya Chantal iko na mimba, nitamutisha bure. Nilijiambia Mama Bijou atatangaza mpaka ku soko, na nani ataleta mutoto wake ku Palais ya mavumbi? Nilijiambia nitasema Jumatatu. Rafiki, Jumatatu ni nyingi sana mu mwaka!

Kisha nikaita fundi wa kutundika lustre. Papa Shabani ni muzee wa familia ya Maniema, Mwislamu, ndevu nyeupe, mikono ya dahabu. Mu quartier yetu, mulango ukifungika bila kulia, ujue ni yeye aliyeupima. Muyomba alipokufa, yeye njo alitengeneza sanduku, na tangu siku ile ananiita mutoto yangu.

Akapanda ngazi. Akagonga plafond na kidole, tok tok. Akaniangalia.

"Mutoto yangu, hii plafond ni ya nini? Kuna kitu mimi nijue?"

Aliniuliza! Unasikia? Muzee aliniuliza na kinywa chake!

Na mimi nikajibu: "Hakuna kitu, Papa. Ni bibao bya mbao bya zamani tu."

Krrrrr! Mavumbi yakashuka, meupe, laini, yakakaa mu ndevu zake, ku kope, ku mudomo. Akapiga chafya. Na mimi nikacheka, nikamuambia: "Papa Shabani, leo umegeuka muntu wa kuoka mikate!"

Akacheka naye. Akapangusa mudomo na ulimi.

Hapo njo nilikumbuka karatasi. Ule ulimi! Nikapiga kelele: "Shuka Papa, shuka, umeme!" Umeme gani? Ulikuwa uongo wangu tu! Courant ilikuwa imerudi saa moja tu, ya kumuwezesha kutoboa, masikini. Akashuka mbio, nikamunawisha uso kama mutoto muchanga, nikapangusa chumba chote na kitambaa cha maji, nikamufukuza na asante nyingi. Tundu moja likabaki juu, linaniangalia. Lustre ikarudi mu carton.

Ungezania sasa nitasema ukweli. Hapana! Nilianza kulinda bantu bila kubaambia ninabalinda nini.

Kila asubuhi nikanyunyiza maji mbele ya kila mulango. Nikakataza mufagio mukavu. Nikakataza kupiga musumari ukutani. Panya akitembea juu, nikakataza kugonga plafond na muti. Mara mbili mu juma nikaingia mu chumba cha kila muntu na torche, kitambaa ku pua, ninaangalia juu, ninaweka alama ya chaki pahali penye kupasuka. Juu ya kitanda cha Yaya Chantal palikuwa na mipasuko tatu. Nikachora misalaba tatu.

Misalaba, rafiki! Juu ya kitanda cha mama wa mimba! Sikuwaza hata kidogo!

"Mama parsele," Mama Bijou akaniuliza, mikono ku kiuno, "hii maji ya asubuhi ni ya nini?"

"Ni ya baridi. Ya kuleta baridi."

"Na chaki?"

"Ni ya panya."

"Panya banajua kusoma?"

Siku iliyofuata nikamuambia ni ya ndege. Siku ingine, ya mvua. Mama Bijou hakusoma sana kupita mimi, lakini kuchunga uongo wa muntu anajua. Mwisho wa juma alikuwa na uongo wangu wote kwa mupango, kama mafungu ya sombe ku meza yake.

Yaya Chantal, ambaye zamani tulikuwa tunakula sahani moja, akaanza kurudisha sahani zangu bila kuzigusa. "Nimeshiba, dada." Muntu wa mimba ameshiba kila siku? Nikalia mu chumba changu, nikafikiri labda ni chumvi.

Jumamosi moja ninarudi ku soko, ninakuta parsele imejaa bantu. Kuimba, makofi, ngoma. Nikafurahi! Nilizania ni sikukuu, na mimi napenda sikukuu. Nikaingia ninapiga makofi ninacheza, na bantu bakaniachia njia haraka haraka, kama nina moto ku nguo.

Mu chumba cha Yaya Chantal, pasta alikuwa amesimama na mafuta mu chupa. Mama Bijou alikuwa anaonyesha misalaba na kidole. Na juu ya ngazi, nyundo mu mukono, Papa Shabani. Balimuita avunje plafond, batoe dawa za bulozi benye kusema nilizificha mule.

"Mwenyewe huyu!" Mama Bijou akalia. "Mulozi, muchawi wa miaka makumi mbili na tatu! Papa Shabani, piga!"

Yaya Chantal alikuwa amekaa ku kitanda, chini kabisa ya misalaba, mikono ku tumbo.

"Musipige!" nikalia. "Yaya, toka hapo!"

"Munamusikia? Anatetea dawa zake!"

Nyundo ikainuka. Nikakimbia ku chumba changu, nikavuta picha ya muyomba, kioo kikapasuka, nikarudi na karatasi, nikapanda hatua mbili za ngazi na kushika muguu wa Papa Shabani na nguvu zangu zote.

"Ni amiante! Iko mu plafond! Ikivunjika tunavuta mavumbi bote, na mutoto mu tumbo! Nilisaini, nikaficha! Hii karatasi!"

Pasta akachukua karatasi, akasoma, mudomo unatembea. Akafika ku pahali pekundu. Akainua macho juu, akavuta kravati yake akafunika nayo pua, akaanza kurudi nyuma kidogo kidogo mpaka inje.

"Bapendwa," alisema akiwa tayari ku barabara, "hii si kazi ya roho. Hii ni kazi ya ingénieur."

Mama Bijou akashusha kidole chake. "Heri ungekuwa mulozi," akasema. "Mulozi tunaomba, anashindwa. Mavumbi tutayaombea namna gani?"

Lakini hayo sikuyasikia vizuri, kwa sababu Papa Shabani alikuwa anashuka. Hatua moja, hatua moja. Akaweka nyundo chini bila kelele.

"Siku ile nilikuuliza."

"Ndiyo, Papa."

"Ukasema bibao."

"Ndiyo, Papa."

Akapangusa ndevu zake na mukono, ingawa siku ile hazikuwa na kitu. "Nimetoboa nyumba za huu muji tangu ujana, na hakuna mwenye aliniambia, kwa sababu habakujua. Wewe ulikuwa na karatasi."

Akachukua ngazi yake, akaenda.

Ingénieur alirudi. Hakunigombeza, na hiyo njo iliuma zaidi. Aliziba tundu, akatengeneza mipasuko vile inafaa, bantu bote inje. Nikamuuliza: tundu moja tu, litamuletea muzee ugonjwa? Akasema hakuna muntu anaweza kuniambia ndiyo ao hapana. Basi hilo jibu njo ninakaa nalo.

Yaya Chantal alihamia kwa mama yake, akazaa binti. Nilipata habari ku soko, kama muntu wa inje. Mama Bijou alibaki, na anaonyesha karatasi kwa kila mugeni mbele hajaketi, hata kwa muuzaji wa makala ya kupikia. Papa Shabani tukikutana mu avenue ananisalimia, hakatai. Ila haniiti tena mutoto yangu. Anasema: "Salama, madame." Madame! Mimi niliyetamani kuitwa madame maisha yangu yote, ninafika nyumbani ninalia!

Wewe mwenye nyumba ya zamani, nakuomba: uliza paa yako ni ya nini. Ukipewa karatasi, usiifiche hata siku moja. Fundi akikuuliza, mujibu. Na usizanie kama ukificha habari kwa huruma, huruma ile itamuzuia muntu kuvuta mavumbi. Balocataire babaki ao bahame, hiyo ni haki yabo, kwa sababu mapafu ni yabo!

Jana nilichukua carton ya lustre, nikakata kifuniko, nikaandika kwa Kiswahili yote iliyo mu karatasi, herufi kubwa. Chini nikaongeza: *Chumba cha mbele, tundu moja. Fundi aliuliza. Mimi nilidanganya.* Nikasaini. Nikachukua nyundo na musumari, nikaenda ku mulango, nikainua mukono.

Nikajiangalia. Nikaweka nyundo chini.

Nikakoroga unga kidogo na maji ku mbabula, jiko la makala, mpaka ikawa gundi, nikapaka nyuma ya carton, nikaibandika ku mbao ya mulango. Nikasimama pale, viganja biwili ku carton, nikingoja ikauke.