Mdhamini Aliyesema Simjui

Kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa upande wa Kawangware unaopakana na Riruta, huwaketisha wanafunzi wa vyuo kwenye viti vya plastiki na kuwauliza swali moja kabla ya lolote: nani anakujua? Wao hudhani nitawauliza wanajua nini. Hayo yameandikwa kwenye vyeti, na vyeti vya watu hufanana. Nilifanya kazi ya kuajiri kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninachojua ni kwamba mwajiri akichoka kusoma hunyanyua simu. Anataka kumsikia mtu mzima akisema, ndiyo, huyo namjua, alinifanyia kazi.

Msichana ninayemkumbuka alikuwa akimaliza masomo ya upishi katika chuo kimoja hapo Kawangware. Sivii yake, yaani wasifu wa kuombea kazi, ilinikasirisha. Mchapakazi. Mwaminifu. Anapenda kujifunza. Nikamwambia hata mwizi angeandika hivyo. Mahali anapoishi alikuwa ameandika Nyayo Highrise, mtaa wa maghorofa wa wenye mishahara.

"Highrise blok gani?"

Akaangalia viatu vyake. "Ile Highrise inaonekana kutoka kwetu, madam."

Wenzake walicheka, nami nikacheka, kisha nikaifuta Highrise na kuandika Kibera kwa mkono wangu. Kwenye uzoefu hakuwa na neno hata moja. Lakini mkononi alikuwa na kovu la mafuta ya moto, na chuoni kwao, nilivyosikia, gesi ya kufundishia haikuwahi kudumu. Nikamuuliza aliungulia wapi.

"Kwa mathe fulani ana kibanda cha chakula huko Kibera. Lakini hiyo si job, madam. Namsaidianga tu."

Kumbe huko kusaidia kulianza akiwa bado sekondari. Ndiye aliyekuwa akifungua kibanda alfajiri, ndiye aliyepika maharagwe na chapati za vibarua wa mjengo, na mama mwenye kibanda akienda matanga kwao upande wa Ziwa, jiko lote lilikuwa lake. Nilitamani kumfinya sikio.

"Na hii ndiyo umeiacha nje?"

Tukaandika upya. Tulipofika mahali pa mdhamini, yaani mtu ambaye mwajiri atampigia, akataka kumweka binamu yake. Binamu huyo alikuwa fundi wa kuigiza meneja wa hoteli, anaongelea puani kabisa, na alikuwa ameshawadhamini marafiki zake wote. Nikakataa katakata. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaikata mara nyingi nikiwa upande ule mwingine wa simu.

"Weka huyo mama wa kibanda."

"Madam, mathe hashikangi namba hajui. Na akishika, anakuruka. Atasema hanijui."

Nilielewa. Baba alituachia ploti ya nyumba za kupangisha hapo Kawangware, na siku nikimtafuta mpangaji, hata akiwa amejibanza nyuma ya mlango, hakuna jirani aliyewahi kumwona. Mgeni akikuulizia mtu, jibu ni simjui. Huenda ni askari, huenda ni mdai, huenda ni mke wa kwanza. Unamruka mwenzako kwanza, kisha unamtafuta umwambie kuna mtu anakuulizia. Mitaa yetu ndivyo inavyolindana. Hata hivyo nilishikilia la kwangu, na nikaenda Kibera mwenyewe kuzungumza na huyo mama.

Alikuwa wa rika langu, mnene, mwenye mikono ya nguvu, na hakuacha kusukuma chapati nilipokuwa nikieleza. Nikamwambia watu wa kazi watampigia, naye aseme ukweli tu.

"Sawa, mwalimu. Nitasema."

Alikubali haraka mno, na sikuupenda wepesi huo.

Msichana akaitwa mahojiano na kampuni moja inayopikia shule na maofisi, ng'ambo ya Ngong Road. Nafasi ilikuwa moja, na walikuwa wamebaki yeye na mwenzake. Alinipigia alipotoka, pumzi juu juu. Bosi alikuwa amesema atawapigia wadhamini mchana huo na kuamua kabla ya kufunga ofisi. Asipopata, nyumbani kwao walikuwa wameshaamua: arudi mashambani kwa shangazi, vyeti vikae sandukuni. Nilivaa viatu nikashuka Kibera, kwa sababu mimi ndiye niliyemnyima yule binamu.

Tuliketi kibandani sote watatu, simu ya mama ikiwa mezani katikati ya vikombe. Msichana alikuwa akikanda unga wa chapati. Wateja walikula na kuondoka. Maharagwe yalikuwa yakichemka, na kila mfuniko ulipogonga sufuria nilishtuka.

Simu ikalia. Namba ngeni. Mama akaitazama mpaka ikanyamaza.

"Shika, mama," nikasema.

Ikalia tena. Akaibonyeza, na kwa kuwa ilikuwa ikisikika kwa spika tu, kibanda kizima kilisikia. Sauti ya mwanamume, ya upole, ikasalimia, kisha ikataja majina yote matatu ya msichana, jinsi yanavyosomwa kortini. Unamfahamu? Alifanya kazi kwako? Kwa sasa anaishi wapi?

Mama akainama karibu na simu.

"Simjui," akasema. "Sijawahi kumsikia. Umepiga namba mbaya."

Akakata. Akaizima simu kabisa na kuisukuma kifuani ndani ya nguo. Kisha akamgeukia msichana, akamfuta unga shavuni kwa kidole gumba, na kumwambia kwa sauti laini sana, "Usiogope, nyathina. Hawakupati." Nyathina kwa Kijaluo ni mtoto wangu.

Msichana akakaa juu ya gunia la makaa. "Mathe, hao ndio wale wa kazi."

Hasira zilinipanda, sitaficha. Nilimpigia kelele mwanamke mwenzangu mbele ya wateja wake. Nikamuuliza kama hakunisikia nilipokuja, kama alidhani natembea Kibera kupunga upepo.

"Nilikusikia, mwalimu," akasema. "Lakini aliuliza vile vile."

Ndipo akanieleza. Siku moja, miaka iliyopita, simu ya namba ngeni ilimuuliza kama anamjua kijana fulani. Alikuwa mwanawe wa kwanza. Naye, kwa fahari, akajibu kwamba ni mtoto wake, yuko hapo nje anakunywa chai. Wakaja wanaume wawili wenye nguo za kawaida, wakamchukua kabla hajamaliza kikombe. Alikaa ndani miezi mingi, kisha ikaonekana kosa ni la mtu mwingine. Alipotoka alienda kwao upande wa Ziwa, na tangu hapo hapokei simu ya yeyote, hata ya mamake.

Hasira zangu zote ziliisha, nikabaki na aibu. Lakini jioni ilikuwa inakuja. Nilipiga namba ya ile kampuni, mwanamke akanijibu kwamba bosi yuko mkutanoni. Nikapiga tena, haikushikwa. Mama akanitazama, akavua aproni, akamwaga maji motoni. Maharagwe hayakuwa yameiva.

"Mathe, na chakula?" kijana mmoja akalalamika.

"Kula kwa jirani. Leo nimefunga."

Tulipanda pikipiki mbili za boda. Pale getini mlinzi alituzuia kwa sababu hatukuwa na miadi, na nilitumia ukali wangu wote wa uzeeni mpaka akafungua. Bosi tulimkuta mapokezi, koti mkononi, anajiandaa kuondoka. Alimtambua msichana, na akakunja uso.

"Mdhamini wako amesema hakujui."

"Ni mimi," mama akasema. "Ni mimi nilisema."

"Na sasa unamjua?"

Mama akasogea karibu na msichana. Aliangalia mlango, akaangalia nyuma ya yule bwana, kama mtu anayetaka kujua nani mwingine amesimama hapo. Nilitaka kumsukuma kwa bega. Nilijua akisema tena simjui yamekwisha, na niliona wazi kwamba neno hilo liko pale pale kwenye ulimi wake.

"Sema tu, mathe," msichana akanong'ona. "Ni sawa."

"Nilisema simjui kwa sababu namjua," mama akasema. "Kama singemjua, ningekuambia ngoja niulizie. Huyu nimemwachia jiko langu na watu wangu wa kula, na nikirudi nakuta kila mtu ameshiba. Lakini wa kwanza kuniuliza hivyo kwa simu nilimpa mtoto wangu, na sijarudishiwa vile alivyokuwa. Kwa hivyo niambie wewe kwanza. Huyu unampeleka wapi?"

Yule bwana aliweka koti lake kwenye kiti.

"Jikoni, mama," akasema. "Ni jikoni tu."

Msichana alianza kazi wiki iliyofuata, na mpaka leo yuko pale. Mimi nimeendelea na Jumamosi zangu, na vijana waliosaidia katika kibanda kile wakijaza mahali pa mdhamini, wengi huandika namba ya yule mama. Simkatazi yeyote. Namba ngeni ikilia pale, wateja hushusha vijiko. Mama huiacha kwanza ilie, kisha huishika, na akitajiwa jina la mtu hasemi namjua wala simjui. Huuliza, "Unampeleka wapi?" na kusubiri jibu.