Kiungo na Nyumba ya Dada Yake

Mawakili wenzake walimwita Kiungo, na jina lilimkaa kama suti ya kupimiwa. Ukitaka wakili wa kesi ya bomoabomoa katika mji wa mbali, mthamini asiyekula rushwa, au hukumu ya zamani ambayo hata makarani wa mahakama wameisahau, ulimpigia yeye. Wenye utani walisema ni kiungo cha mchuzi: mkutano asiokuwepo haunogi.

Yeye ndiye aliyeanzisha umoja wa mawakili wa ardhi. Walikutana katika ukumbi uliokuwa juu ya duka la mabati. Chini kelele za misumeno, juu kelele za wanasheria. Upande mmoja wa meza waliketi wanaoitetea serikali inapotwaa ardhi kwa manufaa ya umma, upande wa pili wanaowatetea watu wanaotwaliwa ardhi yao. Mahakamani walirukiana kama majogoo, lakini pale ukumbini waliazimana vitabu, wakapeana namba za simu na kumiminiana chai. Kiungo aliamini kwamba watu wakijuana, hata ugomvi wao unakuwa na adabu.

Mmoja tu alimkatalia. Huyo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kupasua kuta, na kwa jinsi alivyozoea kuwakatiza wenzake mahakamani, walimbatiza Mama Pingamizi. Waligombana siku umoja ulipokubali kuwafundisha mawakili wa mamlaka ya barabara namna ya kutwaa ardhi bila kukosea hatua yoyote ya sheria. Kiungo, ambaye ndiye angekuwa mkufunzi, alisema serikali ikifuata sheria wananchi wataumia kidogo. Mama Pingamizi akasimama, akatia mkoba kwapani.

"Mwenzangu, unamnolea mchinjaji kisu ukidhani kuku atakushukuru."

Akatoka, asirudi tena. Watu waliangua kicheko. Kiungo naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Sasa, Kiungo alikuwa na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Wazazi wao walipofariki, dada ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa sare za wanafunzi alizozishona barazani kwake, katika uchochoro ulio nyuma ya stendi. Asubuhi moja alimpigia simu.

"Mdogo wangu, wamekuja vijana na kopo la rangi. Wamenichorea ukuta."

"Wamechora nini, Dada?"

"Alama nyekundu. Eti barabara inapanuliwa. Nikawaambia mdogo wangu ni wakili wa mambo hayohayo, wakacheka. Hebu njoo."

Akaenda. Aliketi kwenye kigoda kando ya cherehani, akaisoma notisi kama mtu anayetafuta chawa. Akatazama saini, ramani, tarehe, matangazo yaliyobandikwa kwa mjumbe wa mtaa. Hakuona hata uzi uliolegea. Kila hatua ilikuwa mahali pake, kwa mpangilio uleule aliowafundisha.

"Umepata kosa?" dada aliuliza, akimsogezea kikombe cha chai.

"Bado natafuta, Dada."

Mganga hajigangi. Yeye mwenyewe hakuweza kusimama mahakamani, maana baada ya yale mafunzo alikuwa amewashauri mawakili wa mamlaka kuhusu mradi huohuo, na siri zao alikuwa nazo kifuani. Basi akaanza kupiga simu. Rafiki yake wa tangu chuoni alimkatiza mapema: "Kaka, nakuheshimu, lakini faili hilo liko mezani kwangu. Tafadhali usiniambie neno zaidi." Wa pili alikuwa ameajiriwa na mkandarasi. Wa tatu aliahidi kupiga baadaye, na baadaye hiyo haikufika. Simu yake ilijaa majina kama kapu la sokoni, na hakupata hata moja la kumfaa dada yake.

Likabaki lile ambalo hakutaka kulitaja.

Ofisi ya Mama Pingamizi ilikuwa chumba kimoja chenye feni iliyolalamika kuliko wateja. Alimwacha Kiungo akae kwenye benchi kama wengine hadi zamu yake. Alipomsikiliza, alivua miwani.

"Sitakudanganya. Barabara hatutaizuia. Uliwafundisha vizuri, na wamefuzu."

"Najua."

"Wewe unajua. Dada yako je?"

"Sijamwambia."

"Nenda ukamwambie kwanza. Mimi simtetei mtu ambaye hajui ndugu yake alikaa upande gani wa meza."

Alimkuta dada anapinda sketi ya mwanafunzi. Akamweleza yote bila kupamba. Mguu wa dada ukasimama kwenye kanyagio.

"Kwa hiyo mwalimu wao ni wewe."

"Sikujua itapita kwako, Dada. Ramani sikuiona."

"Ingepita kwa mtu mwingine, ungelala?"

Dada akakanyaga tena, na sindano ikaendelea kutafuna kitambaa.

Kesi ilisikilizwa. Kiungo alikaa nyuma kabisa, kama mgeni aliyekosea mlango. Mama Pingamizi alipigana kwa kucha na meno. Jaji alikataa kuisimamisha barabara, ila aliamuru kwamba wanaojipatia riziki majumbani mwao wafidiwe na kazi zao pia, si kuta pekee, na kwamba wapewe viwanja kabla tingatinga halijawashwa. Si haba, majirani walisema. Dada alirudi kwenye cherehani yake.

Siku ya kubomoa, wengi walilia, dada hakulia. Kiungo alivua koti, akainama kuibeba cherehani.

"Iache," dada alimwambia taratibu. "Watabeba majirani."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Kiungo, mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Katika mkutano uliofuata alipendekeza umoja usiwafundishe tena watwaaji bila kwanza kuwasikiliza watakaohamishwa. Nusu walimuunga mkono. Nusu walisema analeta kidonda cha nyumbani kazini. Wakakwaruzana mpaka wenye duka chini wakazima misumeno wasikilize. Kiungo akajiuzulu uenyekiti. Umoja haukufa, lakini siku hizi wa upande huu hukaa na wao, na wa upande ule na wao, na chai hupoa.

Dada anaishi ng'ambo ya kilima, kwenye kiwanja alichopewa. Majirani ni wachache na shule iko mbali, kwa hiyo anashona viraka zaidi kuliko sare. Kiungo humtembelea kila Jumapili. Dada humpokea vizuri, humpa kiti, humuuliza hali ya mke na wanawe. Huzungumza habari za maji na za paa linalovuja. Habari ya nyumba ya zamani hawaigusi.

Jioni Kiungo hurudi mjini kwa barabara mpya, kwa kuwa nyingine hakuna. Ni pana, imenyooka, na haina shimo hata moja. Akifika nyuma ya stendi hupunguza mwendo, na madereva walio nyuma yake humpigia honi.