Sanamu ya Mama Malini

Nilipokuwa mtoto kule Kyimo, wakubwa walituambia kwamba kitu chenye uso wa mtu hakiwekwi nyumbani, maana siku moja kitataka pumzi, na kitachukua iliyo nyepesi kuliko zote, ya mtoto mchanga. Bibi yangu aliamini hivyo, ingawa kila Jumapili alitangulia kanisani.

Jirani yetu Mama Malini, tuliyemwita hivyo kwa jina lake mwenyewe, alitoka Sri Lanka. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo ya kiwanda cha chai. Mwenyewe alikuwa mjamzito, na mimba mbili za nyuma zilikuwa zimeharibika. Bibi, aliyekuwa akimpelekea maziwa, aliyajua hayo. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya Tukuyu yakaanza kujaa vitu tusivyowahi kuviona. Mama Malini akamwomba Mzee Shabani, mwenye duka, amtafutie Dar es Salaam sanamu ya Buddha kwa ajili ya sala zake.

Mimi na Bibi tulimsindikiza kuichukua. Mzee Shabani alitoa mbili: moja ya plasta, nene, inacheka, imepakwa rangi ya dhahabu, nyingine ya mti, imetulia, macho yamefumbwa nusu. Aliisifu sana ile inayong'aa. Mama Malini akaishika ya mti, akaitazama usoni kwa muda, akasema anataka uso wa kumtuliza akiamka na hofu.

Tulipofika njiani, Bibi alimgeukia.

"Mwanangu, usiiweke chini, wala katika chumba cha kulala. Na usiiache ikaota kuvu. Chenye uso kikisahauliwa, kitadai pumzi."

Mama Malini alishangaa. Mama yake alimfundisha hayo hayo, isipokuwa hilo la kudai.

Aliiweka juu ya kabati sebuleni. Kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa kikavu, akaweka maji safi na maua, na ya jana akayaondoa kabla hayajanyauka.

Msimu wa ukungu ulipoingia, daktari alimlaza hospitali hadi atakapojifungua. Mumewe alishinda kiwandani, nyumba ikafungwa. Bibi akamwendea Mama Malini hospitali, akamwomba ufunguo ili aitunze sanamu.

Kila asubuhi baada ya kukamua ng'ombe tuliingia mle. Mimi nilichuma maua uani na kubadilisha maji. Bibi alifuta kuvu, akianzia usoni, huku akisali Baba Yetu kwa Kinyakyusa.

Habari zikaenea. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani, akauliza kwa upole kama ni kweli anatunza mungu wa watu.

"Siiabudu, mzee," Bibi alisema. "Namlindia mwenzangu mtoto."

Mzee alimaliza chai yake, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Jumapili iliyofuata alimtaja Mama Malini katika maombi.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye sauti kubwa. Mama Malini aliporudi, akaikuta sanamu safi na maua mabichi, alikaa kitini akalia. Bibi alimpokea mtoto mikononi, akasimama akiwa ameipa sanamu mgongo, ili isimwone.

Leo nina watoto wangu, na siamini tena kwamba mti hutaka pumzi. Lakini imani ile, ambayo ingeweza kumfukuza Bibi katika nyumba ya jirani, ndiyo iliyomwingiza humo kila asubuhi. Mama Malini alilala hospitali akijua kwamba kwake kuna mtu. Nadhani hilo lilimsaidia kuliko tulivyojua.