Zuhura Kwenye Mfereji wa Mpunga

Usiku ule nililala na nguo zangu za kazi. Mchana kutwa tulishinda kwenye majaruba ya mpunga tukiifuatilia ile homa iliyokuwa ikiua watu, na uchovu haukuniacha hata nivue. Wakati huo Zuhura alikuwa amekwisha kuzikwa. Yeye alikuwa muuguzi, mimi daktari wa mifugo; katika timu yetu yeye aliwapima watu, mimi niliwapima bata na nguruwe. Kirusi tulichokuwa tukikisaka ndicho kilichomchukua.

Nikamwona amesimama kwenye tuta la jaruba, kavaa sare yake nyeupe, hana barakoa. Nikataka kumwita, sauti haikutoka. Akageuka, akaanza kutembea, nami nikamfuata huku nikihangaika kuvaa glavu. Kila nikiingiza mkono, vidole havienei.

Mara tuko zahanati. Watu wamekaa kwenye mabenchi, na katikati yao wamekaa bata, kimya, wanangoja zamu kama wao. Mama Sikujua, aliyefiwa na mumewe majuzi kwa homa hiyo hiyo, amempakata bata mmoja na anamfuta mdomo kwa kanga.

"Huyu naye anakohoa," ananiambia.

Natafuta vijiti vyangu vya pamba vya kumpimia. Mkoba mtupu. Zuhura hangoji, ameshatokea mlango wa nyuma.

Nje si uwanja wa zahanati tena, ni mfereji. Maji yanatoka kwenye mabanda ya nguruwe, yanapita walipotua ndege weupe, yangeyange, yanaingia majarubani walimo bata, na mbele kidogo wanawake wanachota. Zuhura amechuchumaa ukingoni. Nikamwuliza lile lililonikaa kooni tangu mazishi.

"Uliumia sana?"

Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipochelewa kazini.

"Shoga," akasema, "mimi niliwauliza watu. Wewe umewauliza wanyama. Haya maji kayauliza nani?"

Nikainama kuyachota, yakanipita vidoleni. Nilipoinua kichwa, hayupo. Wamebaki wanawake, wanajitwisha ndoo, wanaondoka mmoja mmoja, nami nawaita wasubiri, wasubiri kwanza, na hakuna anayegeuka.

Nikaamka nimelowa jasho, bado nawaita. Kulikuwa kumekucha. Kiongozi wetu, Mzee Kapinga, alikuwa nje akipakia vifaa kwenye gari. Nikamwambia leo tusianzie mabandani. Twende mferejini tuchukue maji, kutoka huko juu hadi wanakochota watu.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Zuhura."

Mkono wake ukabaki juu ya sanduku. Ni yeye aliyemkalisha Zuhura kiti cha mbele siku ile alipozidiwa, akaendesha hadi hospitali akimsemesha njia nzima ili asilale. Kisha akarudi ndani, akakawia kidogo, akatoka amekumbatia chupa tupu.

"Panda," akasema. "Wanachota mapema."