Maoni ya Mkulima wa Mwani

Nilipewa kazi ya kuongeza kwenye katalogi ya mtandaoni, katika maktaba yetu ndogo ya Msambweni, nafasi ya wasomaji kuandika muhtasari na maoni yao chini ya kila kitabu. Miezi miwili ya mwanzo niliambulia "kitabu kizuri" na "asanteni" tu.

Kisha akaja mama mmoja mkulima wa mwani, mwenyeji wa Mkwiro, aliyekuwa akikaa kwa bintiye Munje. Alikuwa ameazima kitabu cha ukulima wa mwani akakisoma chote.

"Shikamoo mama. Umekionaje?"

"Marahaba mwanangu. Kizuri, lakini aliyekiandika hakulowa."

Nikamwomba aniambie, nami niandike. Akasema, pole pole, mkono juu ya kitabu: "Anasema mwani hupandwa mwezi wowote. Uongo. Miezi ya joto maji ya karibu na ufuo huchemka, mwani ukawa mweupe, ukakatika wote. Sisi huuhamishia kwenye maji ya kina. Ukurasa huo usiufuate, utalia."

Alipoondoka niliyasoma tena maneno yake, nikayaona makali. Nikayapanga upya: "Kitabu kina manufaa, ingawa kina upungufu katika kueleza majira ya upanzi." Nikaona nimefanya la maana.

Baada ya wiki mbili alirudi na bintiye, akataka kumwonyesha maneno yake. Binti akasoma kwa sauti. Mama akaniangalia.

"Huyu anayesema 'upungufu' ni nani?"

"Ni wewe mama. Niliyatengeneza kidogo tu, yapendeze."

"Yampendeze nani? Mtu mwani wake umekatika wote, huo upungufu utamfaa nini?"

Hakupandisha sauti. Binti alitazama chini. Nilikuwa nimewaomba watu maneno yao, na ya kwanza yenye maana nimeyafuta. Nikamwomba radhi, nikaketi, akayasema upya, nikayaandika kama yalivyotoka kinywani mwake. Jina hakutaka liwekwe. "Andika mkulima wa mwani, Mkwiro. Yatosha."

Kitabu hicho kikaanza kuulizwa. Mwanamke mmoja wa Jego aliyasoma maoni yale kwenye simu, akaongeza yake chini: kwao hata maji ya kina hayakusaidia, wao hupumzika mpaka joto lipungue.

Nilimpigia binti simu, nikamsomea mamake maoni hayo mapya. Nilidhani atakasirika kupingwa. Akacheka sana.

"Huyo amelowa," akasema. "Muulize kamba zake huzifunga vipi."

Nikauliza hapo hapo chini ya maoni, na yule wa Jego akajibu kwa maelezo marefu, yenye makosa ya herufi karibu kila mstari. Sikugusa hata moja. Siku hizi nikiona neno lisiloeleweka humpigia simu aliyeliandika kwanza, na mara nyingi huniambia liache hivyo hivyo.